Nilivyosoma Historia ya MOT Kabla ya Kununua MGB GT ya Mwaka 1972

Nilipoamua kutafuta MGB GT, gari la michezo la Kiingereza, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilikuwa tayari nafahamu kwamba katika magari haya kinachopaswa kumtia mnunuzi wasiwasi ni bati kuliko injini. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 ni ya kawaida, vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi Uingereza, na fundi yeyote mzoefu anaweza kuifungua na kuifunga. Bodi ni habari nyingine. MGB haina chesisi ya kujitegemea iliyo chini ya bodi, bali bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wote, na sehemu kubwa ya uimara wake hutokana na mihimili inayopita chini ya milango. Mihimili hiyo ikishaoza, gari linaweza kuendelea kung'aa kwa rangi mpya huku ndani likiwa limelegea. Ndiyo maana, kabla ya kupanga miadi ya kuliona gari lolote, nilianza na historia yake ya ukaguzi wa MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama wa magari nchini Uingereza.

Ukaguzi huo ulianza mwaka 1960, na wakati huo ulihusu breki, taa na usukani wa magari yaliyotimiza miaka 10. Tangu mwaka 1967 gari huanza kukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila mwaka. Kumbukumbu zinazopatikana bure kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, zinaanzia mwaka 2005, vituo vilipoanza kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na si lazima uwe mwenye gari ili kuziona, kwa kuwa namba ya usajili inatosha. Kwa kila ukaguzi utaona tarehe, kama gari lilifaulu au lilishindwa, maili zilizosomwa kwenye dashibodi, kasoro zilizoliangusha, na zile tahadhari ambazo mkaguzi huziandika anapoona kitu kimechakaa lakini hakijafikia kiwango cha kulinyima gari cheti. Ukiwa na namba ya kumbukumbu iliyo kwenye kadi ya gari, yaani V5C, utaona pia jina la kituo kilichofanya ukaguzi.

Kwa magari ya zamani kuna jambo moja linalobadilisha kabisa namna ya kuisoma historia hiyo. Tangu tarehe 20 Mei 2018, gari lililopita umri wa miaka 40 na ambalo halikufanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita halilazimiki kukaguliwa. Mwenye gari hutoa tamko mwenyewe kwa fomu ya V112, na wajibu wa kuhakikisha kwamba gari ni salama barabarani unabaki kwake. Matokeo yake ni kwamba MGB nyingi za umri huu zina historia nzuri, ya mfululizo, inayokatika ghafla mwaka 2017 au 2018. Wauzaji hupenda kuandika kwenye tangazo kwamba gari lao "halihitaji MOT" kana kwamba hiyo ni sifa ya gari. Kwangu mimi ilikuwa na maana moja tu: kwamba hakuna mtu asiye na maslahi katika mauzo aliyelitazama gari hilo kwa chini kwa miaka kadhaa.

Gari la kwanza lililonivutia lilikuwa na vyeti safi kupita kiasi. Kila mwaka lilifaulu bila tahadhari hata moja, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine maili zilizoongezeka hazikutosha hata safari ya kwenda mji wa jirani na kurudi. Watu wengi huona maili chache kuwa ni faida, lakini gari linalosimama hivyo breki zake hukwama, mipira yake hukauka na kupasuka, na petroli huchacha ndani ya tangi. Nilimwandikia mwenye gari nikamwomba alipeleke kwenye ukaguzi wa hiari kwa gharama zangu, akakataa, nami sikuendelea naye.

Gari la pili lilikuwa na historia ambayo mnunuzi mwenye haraka angeikimbia. Mwaka 2009 lilishindwa kwa sababu ya kutu iliyokula bati karibu na mahali mkanda wa kiti wa upande wa kulia unapofungwa, kisha likafaulu siku chache baadaye. Kuanzia mwaka 2011 kulikuwa na tahadhari iliyojirudia kila mwaka, kwamba kingipini, yaani pini ambayo gurudumu la mbele huigeukia linapokata kona, ilikuwa inacheza kidogo, na mwaka 2015 tahadhari hiyo ikatoweka. Katika kurasa za mwisho, kabla ya ukimya, kulikuwa na maneno mapya: kutu imeanza kwenye sakafu ya upande wa kushoto, na sehemu ya chini imepakwa lami ya kuzuia kutu.

Nilizitazama kumbukumbu hizo kwa mwendo wa kwenda mbele na kurudi nyuma, nikiuliza swali lilelile kwa kila mstari: kasoro hii iliishia wapi? Tahadhari inayoandikwa miaka minne mfululizo inaonyesha mwenye gari anayesubiri, na ikitoweka kuna uwezekano wa aina mbili: ama kifaa kilibadilishwa, ama mkaguzi amebadilika. Hapo ndipo namba ya V5C ilipofaa, maana mwenye gari alinipa bila kusita, nikaona kwamba kituo kilikuwa kilekile kabla na baada ya mwaka 2015. Nilipoenda kuliona gari, nilimwomba anionyeshe risiti ya kingipini. Ilikuwapo ndani ya faili nene, yenye tarehe ya wiki mbili kabla ya ukaguzi wa mwaka huo.

Kuhusu kutu ya mwaka 2009, suala lilikuwa gumu zaidi. Gari likiachwa kituoni, likatengenezwa hapo na kukaguliwa tena ndani ya siku 10 za kazi, mkaguzi hulazimika kuangalia sehemu tu ya gari na wala si gari zima, kwa hiyo cheti cha pili hakithibitishi zaidi ya kwamba kile kilichotajwa kimerekebishwa kwa kiwango kinachokubalika. Ndani ya faili kulikuwa na risiti ya uchomeleaji, lakini ilisema "bati upande wa kulia" bila kueleza kama mhimili mzima ulibadilishwa au kiraka kilibandikwa juu ya kutu. Niliinua ukingo wa zulia kwa ruhusa yake na kumulika kwa tochi. Mstari wa kuchomelea ulikuwa umenyooka, umekwenda hadi nyuma ya mlango, na bati lilitoa mlio mkavu nilipoligonga kwa kifundo cha kidole. Upande wa kushoto, pale mkaguzi wa mwaka 2017 alipoonya, lami ilikuwa nene na laini, na nilipoibonyeza ilizama. Mkaguzi wa MOT haruhusiwi kufungua wala kuvunja kitu, kwa hiyo lami ya namna hiyo inaweza kuficha mambo mengi bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Niongeze mambo mawili ambayo historia hizi haziyasemi. La kwanza ni moshi. Gari lililoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Agosti 1975 hutazamwa moshi wake kwa macho tu, halipimwi gesi kwa mashine, kwa hiyo kufaulu kipengele hicho hakuelezi lolote la maana kuhusu hali ya injini. La pili ni maili. Mita ya gari hili ina tarakimu tano za maili, na ikifika 99,999 hurudi kwenye sufuri. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha maili zikipanda taratibu kutoka 41,000 na kitu, lakini vyeti vya karatasi vya miaka ya 1980 vilivyokuwamo ndani ya faili vilikuwa vimeandikwa zaidi ya 80,000. Mwenye gari hakuwa ameficha chochote, ni hesabu tu ambayo hakuna aliyeifanya. Katika vyeti hivyo hivyo nililinganisha pia namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye kibati ndani ya boneti, zikaoana.

Hata baada ya hayo yote, ukimya wa tangu mwaka 2017 haukuwa na jibu isipokuwa moja. Nilimwomba mwenye gari akubali ukaguzi wa hiari kwenye gereji nitakayoichagua mimi, nami ningelipa ada, ambayo kwa gari dogo haizidi paundi 54.85. Alisita kidogo, na nilimwelewa: matokeo huingia kwenye kumbukumbu ile ile ambayo kila mnunuzi mwingine ataisoma, na kasoro ikiwekwa katika daraja la hatari, gari haliruhusiwi kuendeshwa mpaka irekebishwe. Mwishowe alikubali. Gari lilishindwa kwa kasoro mbili kubwa, mpira wa breki wa mbele uliopasuka na kutu ya sakafu ya kushoto karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikiliwa, na likapewa tahadhari ya kuvuja kwa mafuta.

Kwangu matokeo hayo yalikuwa na thamani kuliko cheti safi, kwa sababu sasa mimi na muuzaji tulikuwa tunazungumza juu ya karatasi moja badala ya kubishana kwa hisia. Mtaalamu wa kuchomelea aliitazama orodha na picha nilizopiga gari likiwa juu, akatoa makadirio ya gharama, na muuzaji akapunguza bei kwa kiasi hicho. Nililichukua gari kwa trela, nikatoa taarifa kwamba halitumiki barabarani, na lilipokuwa tayari nililipeleka kwenye kituo kilekile likafaulu.

Kodi ya gari Uingereza haihami na gari linapouzwa, na hata pale kiwango chake ni sufuri, kama ilivyo kwa magari ya umri huu, mmiliki mpya lazima afanye utaratibu upya kwa jina lake. Kwa kuwa cheti kipya cha MOT kilikuwa tayari kwenye mfumo, sikuhitaji kujaza fomu ya V112, na nimeendelea kulikagua kila mwaka kwa hiari.