Mwongo wa kwanza

"Kadhi wa saba, mwanangu?"

Maneno manne, na leo siku ya nane hayajaniacha. Nayakuta kwenye ngazi za ofisini, nayakuta kwenye daladala, jana nimeyakuta chini ya sufuria ya wali ulioungua kwa sababu yao. Na wiki yenyewe haikuwa ndogo. Wakaguzi wameondoka Jumatano bila hoja hata moja, posa ya Nunu imeletwa na imejibiwa, Makunduchi wamechapana mapande ya migomba kwenye Mwaka Kogwa, kibanda kimechomwa na mganga katoka mzima kama kila mwaka. Yote nimeyapita juu juu, kama mtu anayesoma gazeti lililofungiwa maandazi.

Ni yule bibi wa kanga za rangi ya tende. Niliandika habari zake wakati wa masika: yule aliyekuja akakaa saa nzima barazani, akanywa kahawa, akaniuliza mama hajambo, akaondoka bila kueleza alichojia. Safari hii alieleza. Mwanawe yuko bara tangu kaskazi ya mwaka juzi, simu anapiga akikumbuka.

"Nimngoje, nisimngoje?"

Basi. Marehemu Ami, aliyenifundisha bao la ramli, alikuwa akisema mwenye swali fupi usimrefushie, kwa hiyo sikumuuliza zaidi. Nikafungua daftari. (Sinia ya mchanga ya Ami ilikuwa ingali juu ya kabati, mnajua tangu msiba nilikuwa sijaigusa.) Nikapiga mistari kumi na sita ya nukta, mkono unakwenda wenyewe bila kuhesabu, nikazifuta mbili mbili mpaka kila mstari ukabaki na moja au mbili. Wakatoka mama wanne, yaani maumbo manne ya kwanza: Tariki, Humra, Jamaa, Ukla. Nikawazalisha mabinti, wajukuu, mashahidi wawili, na chini kabisa kadhi, umbo la mwisho lenye hukumu. Kadhi akatoka Bayadhi. Weupe. Nadhani nilifurahi kuliko mwenye swali.

"Mngoje, Bibi. Njia nyeupe."

Hakunijibu. Alilitazama daftari, na kwa upande wake lilikuwa limepinduka, akalitazama kama mtu anayetazama samaki sokoni, kisha ndiyo akasema.

"Kadhi wa saba, mwanangu?"

"Samahani, Bibi?"

"Nauliza tu. Huyo ana nukta saba."

Nikahesabu. Mbili, mbili, moja, mbili. Saba. Nikahisi masikio yanawaka.

"Nimekosea mahali. Ngoja nipige upya."

"Usipige. Hilo hilo limenitosha."

Akafunga kanga vizuri, akaomba maji, akanywa yote, akaweka elfu mbili chini ya bilauri, akaenda zake. Sikumsindikiza hata mlangoni. Aibu ilinikalisha.

Kwa wale ambao bao hawalijui: kadhi hawezi kuwa witiri. Si mwiko, ni hesabu. Shahidi wa kulia ni jumla ya mama wote, shahidi wa kushoto ni jumla ya mabinti wote, na mabinti ni nukta zile zile za mama, zimepangwa ubavu tu. Kitu ukikijumlisha na chenyewe hutoka shufwa, utake usitake. Ndiyo maana katika maumbo 16 ya ramli ni 8 tu yanayoweza kukaa kiti cha kadhi, na Bayadhi hayumo. Mwanafunzi wa wiki ya pili analijua hilo. Mimi nina miaka kumi na moja, na mchana nalipwa mshahara kwa kujumlisha.

Kwa siku nne za kwanza kazi yangu ilikuwa kuisikiliza ile sauti upya. "Mwanangu" ya namna gani ile? Iko ya mama anayemfuta mtoto kamasi, na iko ya mtu anayekwambia mbele za watu kwamba shati umelivaa nje ndani. Nimeijaribu kwa sauti jikoni, zote mbili, Nunu akadhani naongea na simu. Na lile "hilo hilo". Angesema "hilo limenitosha" ningelala. "Hilo hilo" ni la kumwambia fundi aliyekukatia nguo fupi: acha, hilo hilo, nitavaa.

Kilichonichoma zaidi ni siku yenyewe. Ile ilikuwa Jumamosi kabla ya Mwaka, na Ami hakuwa akifungua bao siku zile. Mwaka wa Nairuzi una miongo 36 ya siku kumi kumi, zinabaki siku tano ambazo hazina mwongo, na yeye alikuwa akisema siku zisizo na nyumba usizigongee mlango. Alikuwa na orodha yake ya nyakati za kufunga daftari: siku hizo tano, Ramadhani nzima, na tanga mbili, ule muda kusi imekwisha na kaskazi haijashika, upepo leo huku kesho kule. "Bahari yenyewe haijui inakwenda wapi, mimi nitajua wapi?" Nilijua yote hayo. Lakini bibi alishakuja mara moja akarudi na swali lake tumboni, nikaona haya kumrudisha tena.

Mtu akikaa na bao mwaka mzima ataziona nyakati kwenye maswali kabla hajaziona mbinguni. Kaskazi inaleta ndoa na biashara, watu wamekauka, wana jua usoni, wanauliza huku wanacheka. Masika inaleta homa, na homa inaleta majina. Huo ndio msimu niuchukiao. Mtu anakaa, nguo zimelowa, mtoto anamuungua mgongoni, na hataki kujua dawa, anataka kujua nani. Serikali ilipopiga marufuku waganga wa ramli kule bara, Januari 2015, kwa ajili ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Ami alilikunja gazeti akasema wamechelewa. Ramli chonganishi kwake haikuwa ramli, ilikuwa fitina yenye nukta. Mwenye homa alimfukizia ubani kidogo, kombe la zafarani akitaka mwenyewe, na nauli ya hospitali mkononi. Kusi ni maswali ya walio baharini na walio mbali, kama la bibi. Vuli ni karafuu tu, karafuu na madeni ya karafuu.

Kilimia nacho, kile kishada cha nyota, sikukiangalia mwaka huu. "Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," na kweli kilizama na masika, Juni kikarudi alfajiri upande wa mashariki, hewa imekauka, Ami angekuwa hai angeniamsha. Nililala. Namkumbuka akinifundisha kwamba hata Nairuzi yenyewe inateleza, kwa kuwa siku zake ni 365 kavu, hazina nyongeza ya kila mwaka wa nne, kwa hiyo siku ya Mwaka inarudi nyuma siku moja kila miaka minne na hakuna aliyeitisha mkutano kuirekebisha. Nilimuuliza, sasa si makosa hayo? Akasema, makosa yanayojulikana kiasi chake si makosa.

Haya. Mwaka ukafika. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akizima moto wa mekoni, akazoa majivu akayatupa, akawasha mpya. Mimi nimefunga mtungi wa gesi, nikasubiri kidogo kwa adabu, nikafungua tena. Nimekwenda pwani kabla ya jua, nimeoga kwa baridi ya kipupwe, meno yanagongana, na ndani ya maji yale ya kuondoa nuksi nikasikia: kadhi wa saba.

Tumo kwenye mwongo wa kwanza, nikajiambia nikijifuta. Na mwongo wa kwanza ni mimi.

Alhamisi usiku nikalitoa daftari. Nilikuwa nalikwepa. Nilijua kosa halikuwa kwa mama, maana ukikosea kwa mama kadhi hakwambii kitu: kosa linazaa mabinti, mabinti wanazaa wajukuu, na chini anatoka kadhi shufwa, msafi, amepiga kilemba. Kadhi witiri anakamata kosa la baadaye tu. (Wazo hilo liliniweka macho mpaka saa nane. Miaka kumi na moja ya makadhi wangu wasafi, nani ajuaye mama zao walihesabiwa vipi.) Basi nikaanza kwa mabinti, nikawakagua mmoja mmoja. Sawa. Wajukuu, sawa. Shahidi wa kulia: Bayadhi. Shahidi wa kushoto: Humra.

Hapo nikaliona. Kadhi anatoka kwa kuwajumlisha wawili hao, na mimi sikujumlisha. Nilimnakili Bayadhi kama alivyo nikamweka kitini. Humra, wekundu, hasira, damu, nilimpita kama deni. Na shahidi wa kulia ni wa mwenye kuuliza, wa kushoto ni wa kile anachokiuliza. Yaani nilimsikiliza bibi, mwanawe nikamnyima kauli. Hesabu rahisi kuliko zote kwenye bao, nayo ndiyo nimekosea, kwa sababu nilikuwa nataka mama wa watu arudi nyumbani na neno zuri.

Kadhi wa kweli ni Ijtimai. Mbili, moja, moja, mbili, sita. Mkutano. Ami hakuwa akimwita mzuri wala mbaya, alikuwa akisema watu hukutana harusini na hukutana mahakamani. Weupe na wekundu watakutana. Ndiyo nililopaswa kumwambia, na lingekuwa gumu kulisema, na labda ndilo analolijua tayari kuhusu mwanawe.

Nilikuwa nimekaa sakafuni na daftari mapajani, najionea huruma, Nunu akatoka chumbani na hina mkononi bado haijakauka, mkono ameuinua kama anayesimamisha gari. Nikamsimulia. Yote, mpaka elfu mbili chini ya bilauri. Akasikiliza kwa subira ya mtu aliyechumbiwa juzi, kisha akauliza:

"Shangazi, kwani yeye alijuaje?"

"Alijuaje nini?"

"Kwamba kadhi hawi saba."

Siku tano nzima nimelichunguza neno lake, sauti yake, kanga yake, na hilo sikuliuliza. Alilisoma bao limepinduka! Hakugusa kidole kuhesabu. Ami mwenyewe uzeeni alikuwa akigeuza sinia. Mimi nilidhani katika mtaa huu, baada ya yeye kuondoka, hesabu hizi nimebaki nazo peke yangu kama lugha ya kijiji kilichohama. Na kumbe kuna mtu anapita na kikapu chake kila Ijumaa, anakunywa kahawa kwenye baraza yangu saa nzima masika yale, ananitazama mikono.

Nimecheka mpaka Nunu akaogopa kwa ajili ya hina yake.

Sasa "hilo hilo limenitosha" nalisikia kwa namna nyingine kabisa. Maana aliyemuona kadhi wa saba aliwaona na mashahidi. Wale walikuwa pale pale juu yake, mweupe na mwekundu, sawasawa bila kosa. Hakuhitaji nipige upya. Jumla aliifanya mwenyewe kabla hajaomba maji. Swali lake lilijibiwa siku ile ile, ila si na mimi. Au huenda hakuja na swali, alikuja kuona Ami kamwachia nani.

Au naye yuko peke yake kama mimi. Hilo nalo limenijia.

Ijumaa nilikaa barazani tangu baada ya sala mpaka magharibi, kahawa ikapoa mara mbili. Hakupita. Mama alinikuta akauliza namngoja nani, na kwa kuwa mnamjua mama na bao, nilisema namngoja muuza mkate. Kesho kutwa nitakwenda kwake. Nimeelekezwa, ni nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Nitachukua halua na nitachukua daftari, na hapa ndipo ninapobabaika: elfu mbili nimrudishie au nisimrudishie? Kosa halilipwi. Lakini mtu aliyesema limemtosha, ukimrudishia hela yake ni kama unamwambia halikumtosha. Jana usiku nimeishusha ile sinia kabatini, nimeipangusa vumbi tu. Mchanga umeshikana kidogo kwa unyevu. Umebaki mstari mmoja, alama ya kidole chake au kidole cha paka, sikuufuta.

Nunu anataka tarehe ya harusi itafutwe kwa buruji, bwana harusi wake anataka itafutwe kwa likizo ya kazini kwake, na nadhani ya pili itashinda.

Halafu maji ya kisima tangu Jumatano yana chumvi. Si sana, kwenye chai huioni, lakini mchele ukiuosha unaisikia mkononi. Jirani anasema kwake sawa. Fundi amesema atakuja Jumatatu, na alisema hivyo hivyo Jumatatu iliyopita, na vuli bado mbali.