Taa ya Uani kwa Bibi

Bibi yangu alikuwa akienda chooni usiku kwa kupapasa ukuta. Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ni ya kizamani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua, na choo kiko mwisho wa ua. Swichi ya taa ya uani ilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, na mtoto wa jicho alishamla jicho moja. Mwaka ule nasoma ufundi umeme. Nikarudi likizo na sensa ya mwendo begini, kifaa kinachowasha taa chenyewe mtu akipita.

Mjomba, fundi umeme wa siku nyingi, alikuja kusimamia. Tukazima mein swichi, akapima kwa tesita, ndipo akaniruhusu kufungua. Kwenye kiboksi cha swichi mlikuwa na waya mbili tu, moto, yaani waya unaoleta umeme, unaoingia na unaokwenda kwenye taa. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, hamna, na sensa ile bila nyutro haifanyi kazi. Tukahamia kwenye taa yenyewe, ukutani, ambako nyekundu ya moto na nyeusi ya nyutro zote zipo. Swichi tungeiacha imewashwa muda wote.

Sensa ilikuwa na waya tatu: kahawia, bluu na nyekundu. Mjomba akanishika mkono, akaniambia:

"Mjomba, nyekundu ya ukutani ndiyo moto. Hii nyekundu ya sensa inapeleka umeme kwenye taa. Ukiziunga kwa kuwa zimefanana rangi, taa itawaka usiku na mchana."

Kahawia ikaenda kwenye moto, bluu kwenye nyutro pamoja na waya wa pili wa holda, nyekundu kwenye holda.

Tulibishana mahali pa kuifunga. Mjomba alitaka juu ya mlango wa choo. Mimi nilitaka ukuta wa ubavuni. Sensa hii haioni mtu, inahisi joto lake. Lile jicho la plastiki lenye vipande kama sega la nyuki hukata ua kanda kanda, na joto la mwili likivuka kanda moja hadi nyingine ndipo taa inawaka. Anayeijia uso kwa uso havuki kanda nyingi, hasa akitembea taratibu. Halafu joto la Tanga nalo: Machi, hata usiku, ukuta na mwili vinakaribiana joto, na sensa inapata shida kuvitofautisha.

Basi tukajaribu kabla ya kutoboa ukuta. Nikaiunga kwa waya mrefu, nikazungusha kitufe cha LUX, cha kupanga iwake kukiwa na mwanga kiasi gani, hadi alama ya jua ili iwake mchana. Umeme ulipowashwa taa ikawaka yenyewe, kama sensa hizi zinavyofanya zinapoanza, tukangoja izime.

"Bibi, tafadhali pita kama unakwenda chooni."

Mjomba alipoishika juu ya mlango wa choo, Bibi alifika katikati ya ua, penye ule mfereji wa maji, ndipo ikawaka. Nilipoishika ubavuni, iliwaka akiwa bado anashuka ngazi ya jikoni. Bibi akasimama, akaitazama balbu.

"Ifungeni hapo hapo," akasema. Mjomba akachukua drili.

Jioni nikarudisha LUX kwenye alama ya mwezi. Ikabaki TIME, kitufe cha kupanga taa ikae imewaka muda gani. Mjomba aliiweka chini kabisa, sekunde kumi hivi, kwa kuhurumia umeme wa LUKU, wa kulipia kabla. Lakini Bibi hutawadha pale uani kabla ya Alfajiri, ameketi kwenye kibao, ametulia, na mtu aliyetulia sensa haimhisi. Angezimikiwa na taa mkono mmoja umeshika kopo la maji. Nikamwonyesha Mjomba hesabu: balbu ile ni ya wati 7, lazima iwake zaidi ya saa 140 ndipo imalize uniti moja.

Akapanda tena ngazi mwenyewe, akakizungusha kitufe hadi mwisho.