Ukitaka kuona baiskeli, njoo Nyamirambo

Kila zikija mbio za baiskeli za Tour du Rwanda, rafiki zangu hukimbilia mstari wa mwisho. Mimi hubaki huku kwetu Nyamirambo, mtaa wa Kigali, kwenye mlima wa mawe wa Kwa Mutwe, ule ambao wageni wanauita Mur de Kigali. Kwenye lami tambarare wanakupita kama upepo. Hapa mwinuko unawabana, unaona mabega yakiyumba, na unapata muda wa kulitaja jina la mtu kabla hajapotea.

Ubishi ni wa kila mwaka. Mzee mmoja jirani hakubali kwamba aliyeshinda hatua ya leo, yaani mbio za siku hii moja, anaweza asiwe na jezi ya njano ya anayeongoza mashindano yote. “Mzee wangu, wanajumlisha muda wa siku zote.” “Basi leo wamekimbia ya nini?”

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi na bingwa mara nne wa Tour de France, alikuja 2023, lakini ubingwa ulikwenda kwa Henok Mulubrhan wa Eritrea. Nilifurahi, ingawa hapa mtaani bado wanaimba Valens Ndayisenga, Mnyarwanda wa kwanza kutwaa taji, 2014, tangu mbio ziingie kalenda ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani. Akarudia 2016. Mzee huyo naye hilo habishi.