Lulu ya Vermeer, leo nimeiona kwa macho yangu

Jamani, leo nimesimama mbele ya "Msichana Mwenye Hereni ya Lulu" pale kwenye jumba la makumbusho la Mauritshuis, Den Haag, Uholanzi. Ni mchoro mdogo, sentimita 44.5 kwa 39 tu, na mchoraji Mholanzi Johannes Vermeer aliuchora karibu na mwaka 1665.

Ukiusogelea, lulu inapotea! Haina kikulabu cha kuishikilia sikioni, wala mstari wa kuizungushia. Ni doa zito la rangi nyeupe juu, na mwanga hafifu chini unaoakisi kola. Rudi nyuma kidogo, hereni inaning'inia tena. Nimerudia hivyo mpaka watu waliokuwa nyuma yangu wakaomba nafasi.

Buluu ya kilemba cha msichana ilitokana na jiwe la lazuli kutoka Afghanistan, rangi ya gharama kubwa enzi hizo. Na ule weusi nyuma yake? Uchunguzi ulioanza 2018 umeonyesha palikuwa na pazia la kijani, ila rangi imefifia.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka 1881 mchoro huu uliuzwa mnadani kwa gilda 2 (pesa ya Uholanzi ya zamani) na senti 30 tu. Mlioko Uholanzi, msiridhike na picha ya simu. Nendeni.