Malengelenge ya mkanda wa jeshi yalikauka, maumivu yakabaki

Malengelenge yalinitoka ubavu wa kushoto, kuanzia chini ya ziwa hadi mgongoni. Yalipokauka na magamba kudondoka, kila mtu nyumbani alinipa pole ya kupona. Kumbe ndiyo kwanza safari inaanza. Ngozi imefunga, lakini chini yake kunawaka, na mara unapita mchomo wa ghafla kama shoti ya umeme. Nina miaka 69 na nimezaa watoto wanne. Maumivu ya namna ile sikuwahi kuyaonja. Upepo wa feni tu ulinitoa machozi.

Mtaani wapo waliokwishanihukumu, maana mkanda wa jeshi kwetu ukitajwa, watu wanawaza Ukimwi. Nilipima, sina. Daktari alinieleza kwamba kirusi ni kile kile cha tetekuwanga niliyougua utotoni: kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote, kinga ikishuka, hata kwa uzee tu, kinaamka. Kikishaijeruhi mishipa, yenyewe inaendelea kuuma hata ngozi ikipona. Ndiyo maana panadol hazikufua dafu.

Akaniandikia amitriptilini, nusu kidonge cha miligramu 25, kila usiku. Binti yangu akashtuka: “Mama, hii si dawa ya sonona?” Ni ya sonona kweli, ila kwa dozi ndogo inatuliza mishipa. Inataka subira ya wiki kadhaa. Mdomo ulinikauka na choo kikawa kigumu, nikazidisha maji na mapapai. Baadaye, baada ya kunipima figo, aliongeza gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya mishipa, ya miligramu 300, akawa anaipandisha polepole. Hii inaleta kizunguzungu, na mzee akivunjika nyonga ni msiba mwingine. Kwa hiyo nikiamka usiku nawasha taa, nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo naenda chooni. Na siiachi ghafla bila kumwuliza daktari.

Madera niliyaweka kando. Nguo inayopeperuka ndiyo inayochokoza. Nina kanga kuukuu, imefuliwa mpaka imechuja na kulainika. Naizungusha kifuani naikaza vizuri. Wengi hawaamini, lakini kubanwa kunavumilika kuliko kuguswa juu juu. Wajukuu nao wanajua: kwa bibi unakaa upande wa kulia. Hawana cha kuogopa, maana malengelenge yakishakauka yote hayaambukizi tena.

Maumivu yamepungua, hayajaisha. Nalala usiku kucha, na hilo peke yake namshukuru Mungu sana.

Juzi wifi yangu alitokwa na malengelenge kwenye paji la uso, karibu na jicho. Jirani akashauri wampake dawa ya majani kwanza. Nilikataa kabisa, tukampeleka hospitali siku ile ile, kwa sababu jicho linaweza kupofuka, na asaiklovia, dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu upele utokee.