Siku moja maishani mwangu: mzee wa leja akiwa mjengo

Saa kumi na nusu alfajiri. Kwanza nakunja vidole polepole, kimoja kimoja, kwa sababu vinaamka vimekauka kama kuni. Niko na miaka 54, na 22 kati ya hizo nimekaa ofisini na vitabu vya hesabu hadi kampuni ikafunga mlango. Sasa ni mwezi wa pili mjengo.

Saa kumi na moja natoka mtaa wa Pipeline, Nairobi, kwa miguu. Nikilipa matatu kwenda na kurudi nitakuwa nafanyia makanga kazi. Enterprise Road saa hiyo imejaa watu, hakuna anayeongea, ni viatu tu.

Saa moja tuko saiti South B na leo tunamwaga slebu, ile sakafu ya zege ya ghorofa. Kama hujawahi kumwaga slebu hujui kazi, kwa sababu zege halingoji mtu, ukishaweka maji lazima lipande juu kabla halijaanza kushika, kwa hiyo hakuna cha kupumzika. Moja kwa mbili kwa nne: simiti, mchanga, kokoto. Hiyo hesabu naielewa vizuri kuliko fundi, shida ni gunia la kilo 50 halijui nimesoma.

Saa nne kijana mmoja, rika la kitinda mimba wangu, akaniambia, "Mzee, unainua na mgongo. Piga magoti, gunia lije kifuani kwanza, halafu usimame nalo." Nikajaribu. Maze! Miezi miwili nimekuwa nikijiua bure.

Saa saba, chapo madondo kwa mama wa kibanda. Deni nitalipa jioni.

Saa nane foromani akakumbuka nilikuwa karani, akaniletea daftari nihesabu magunia yaliyobaki. Nilifurahi kama mtoto. Nikashika biro, malengelenge yakakataa, vidole havikunji, nane yangu ikatoka kama yai limekanyagwa. Mimi! Mtu aliyekuwa anasifiwa mwandiko! Nikaandika hivyo hivyo, nikamrudishia, nikachukua karai.

Saa kumi na mbili tumemaliza, tumelipwa mkononi, nimetoa ya mama wa kibanda.

Saa mbili usiku niko nyumbani, mikono ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mama watoto anauliza kesho kuna kazi? Ipo. Slebu lazima inyweshwe maji, na nimeambiwa mpira wa maji nitashika mimi.