Sema Shibolethi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tusome Waamuzi 12:1-6. Ni sura ambayo wahubiri wengi huiruka, na siwalaumu. Wagileadi wamewapiga Waefraimu vitani, sasa wameshika vivuko vya Yordani wawanase wanaokimbia. Kila anayetaka kuvuka anaambiwa aseme Shibolethi. Mwefraimu ulimi haumruhusu, anasema Sibolethi, anachinjwa papo hapo. Waefraimu 42,000 walianguka wakati ule.

Kivuko kama hicho kimewahi kuwekwa kwa jirani zetu. Novemba 2014, kaunti ya Mandera huko Kenya, Al-Shabaab waliteka basi la Nairobi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakaua watu 28. Kulikuwa na walimu mle, wanarudi makwao likizo.

Desemba 2015, Mandera hiyo hiyo, karibu na El Wak, basi jingine likasimamishwa. Amri ile ile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii Waislamu wakagoma. Kina mama wakawapa Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache. Watu wawili waliuawa siku ile. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi. Akafariki Januari 2016.

Mimi nimekwama kwenye ile mitandio. Kumfunga mtandio mtu asiyeuzoea si kazi ya mara moja. Nywele zinachomoza, kitambaa kinateleza, unaanza upya. Na nje watu wanafyatua risasi.

Desemba iliyopita nilipanda Coaster kutoka Arusha kuja Moshi. Stendi haipitiki, si mnajua Wachagga na Krismasi. Mama mmoja mwenye ushungi akakaa pembeni yangu. Hatujafika hata Usa River nilikuwa nimeshamuuliza jina na kwao. Aliponijibu, nikageukia dirishani, kimya mpaka Boma Ng'ombe. Hapo mvua ikatukuta, na dirisha lenyewe halifungi. Yule mama akakunjua khanga, akafunika mfuko wake pamoja na wangu wenye nguo za watoto, akaichomeka pembeni isipeperuke. Wala hakuniuliza nasali wapi.

Alhamisi jumuiyani tutaanzia mstari wa 6. Naomba kila mmoja aje na Shibolethi yake, lile swali analowauliza watu kabla hajaamua kuwasogelea. Yangu mmeshaisikia.